Susu ya Ada

Daktari Brauer alitoa leso mfukoni, akajifuta mdomo. Lakwel, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili wa moto, aliona wazi kwamba mgeni hajifuti. Anatema. Kile kipande cha samoni mkavu kilichochovywa kwenye mafuta ya samaki, mafuta mazuri ya mwaka huu waliyoletewa na wajomba zake, kilitoka mdomoni kikaingia kwenye kitambaa cheupe, kitambaa kikakunjwa vizuri, kikarudi mfukoni. Kisha Daktari akatabasamu, akatamka neno moja alilojifunza katika lugha yao. "Tamu."

"Anasema tamu," alisema Jonasi, kana kwamba mkewe hana masikio.

"Nimemsikia. Mwambie mfuko wake nao umeshiba."

Jonasi hakumwambia. Alisema kwa Kiingereza kitu kingine, kitu cha upole, na Daktari akainamisha kichwa kushukuru. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Jonasi majira yale yote ya joto: kupeleka maneno huku na kuyarudisha kule, na njiani kuyapunguza makali. Kiingereza alikipata utotoni, baba yake alipokuwa akibeba mizigo pale dukani gatini. Desturi alizipata kwa bibi zake. Vitu hivyo viwili havikuwa vimewahi kukutana katika mtu mmoja pale kijijini, na Daktari, aliyetoka mbali sana kuja kuandika kitabu juu ya watu wa pwani ile, alimng'ang'ania Jonasi kama kupe.

Udaktari wenyewe ulikuwa wa namna yake. Alipofika tu, Lakwel alimpelekea Ada, binti yake, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne na alikuwa na kikohozi kisichosikia chai wala majani. Alimfunua kifua mtoto mbele ya mgeni. Daktari alicheka kidogo, akaeleza kupitia kwa Jonasi kwamba yeye si daktari wa vikohozi, ni daktari wa desturi. Lakini kwa kuwa mtoto alikuwa amekwisha kuletwa, alitoa chuma chake chenye meno mawili akampima kichwa, kutoka sikio hadi sikio. Lakwel alirudi nyumbani akamwosha Ada nywele, ingawa hapakuwa na kitu cha kuosha.

Sasa Daktari aliuliza jambo, na Jonasi akawa anatazama moto.

"Anauliza mtoto mchanga mlikuwa mnamfanyaje na mkojo."

Bibi Wilaga, mama yake Lakwel, aliyekuwa akisuka mkeka pembeni, aliacha mikono hewani. "Anauliza nini?"

"Mkojo, mama. Na ile nyingine."

"Kwao watoto hawaendi haja?"

"Ni kazi, mama mkwe. Ni kwa ajili ya kitabu."

Basi Lakwel akaeleza, kwa sababu kazi ni kazi. Alieleza magome ya mwerezi yanavyopondwa mpaka yakawa laini kama manyoya, yakatandikwa ndani ya susu, kile kitanda kidogo cha mbao kinachoning'inia kwenye mti mwembamba na kutikiswa kwa kamba. Mtoto akilowesha, matandiko yanabadilishwa, lakini yale ya zamani hayatupwi wala hayachomwi. Yanakaushwa na kukusanywa. Siku mtoto anapoanza kutembea, susu na matandiko yake yote vinafungwa pamoja na kupelekwa kwenye kile kisiwa kidogo kinachotazamana na kijiji, vinawekwa ndani ya ufa wa mwamba pasipofika mvua, na hapo havina mtu wa kuvigusa tena. Vinakaa. Vinaoza. Mtoto anakua.

Kalamu ya Daktari ilikimbia. Alipomaliza, akauliza bei.

"Anataka kununua susu moja," alisema Jonasi. "Iwe na matandiko yake. Ya jumba lao la kuwekea vitu, watu wake waone."

Bibi Wilaga alicheka mpaka mkeka ukateleza magotini. "Mwambie akazae. Atapata ya kwake."

Daktari naye akacheka bila kujua anachochekea. Kisha akamuuliza Jonasi kitu kwa sauti ya chini, na Jonasi akamjibu kwa maneno mengi kuliko swali.

*

Mvua ilianza, na kikohozi cha Ada kikashuka kifuani. Alikuwa akilala mdomo wazi, mashavu mekundu. Akiamka analia bila machozi.

Jonasi alikuja na kopo la sukari, kitambaa kizito cha kumfunga mtoto kifuani na chungu kipya cha chuma chenye mfuniko. Alivipanga karibu na moto akakaa akisubiri kusifiwa. Lakwel alimsifu. Alikuwa amechoka, na sukari ilikuwa nyeupe sana. Alikoroga maji ya moto akampa Ada, na Ada akanywa, akalamba midomo, akaomba tena. Lakwel naye alijitilia kidogo mdomoni. Alipenda kuiacha iyeyuke yenyewe juu ya ulimi.

Alikuwa nayo hivyo mdomoni Bibi Wilaga alipoingia na kikapu cha chaza, maji yakimtiririka kutoka kwenye kofia yake ya magome. Alikuwa ametoka kuokota upande wa kile kisiwa. Alitua kikapu, akamtazama mjukuu wake aliyelala, akamtazama binti yake.

"Mmemhamisha Ada?" aliuliza.

"Kumhamisha wapi? Huyu hapa."

"Kule. Ufani." Mama alikaa chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Za wenzake zipo. Ya mtoto wa Tina ipo, za wale mapacha zipo. Ya Ada haipo. Pamefagiliwa."

Lakwel aliitema sukari motoni. Ilivuma kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, na harufu ile ikajaa nyumba nzima. Alisukutua mdomo kwa maji, akatema, akasukutua tena. Ulimi ulikuwa bado mtamu. Alitamani kuukwangua kwa ganda la chaza.

Jonasi alirudi jioni. Alipoingia aliwaona wanawake wawili wamekaa bega kwa bega, na kile chungu kipya kimetolewa nje kwenye mvua, mdomo chini. Akavua kofia.

"Iko wapi?" aliuliza Lakwel.

Hakujifanya hajui, hilo walau hakulifanya. Alisema iko ghalani nyuma ya duka, imefungwa vizuri kabisa, na meli inakuja kesho.

"Baba Ada. Uliichukua kwa mikono yako mwenyewe?"

"Nisikilize kwanza. Yule mtu alikwishaamua kupata susu. Nikikataa, angempata mwingine, kuna watu hapa wangempeleka kwa chupa moja ya pombe. Na huyo angechomoa yoyote. Mimi nilisimama pale ufani, mama Ada, nikaziangalia zote. Ya huyu ina nyumba yake, ya yule ina nyumba yake. Ningegusa hata moja ya mtu, jina langu lingekuwa limekwisha. Unajua mwenyewe, kwetu hata hadithi ya mtu husemi bila yeye kukupa. Kwa hiyo nikachukua iliyo yangu. Ile tu. Sikumwibia mtu."

Alisema kwa unyoofu kabisa. Lililomchoma Lakwel ni huo unyoofu. Angekuwa amelewa, angekuwa amedanganya, angejua pa kumshika. Mtu huyu alikuwa amesimama mbele ya vitanda vya watoto wa kijiji kizima, akafikiri vizuri, kwa sheria zote walizofundishwa tangu utotoni, na mwisho wa kufikiri kwake kote akamchukua mtoto wake.

"Yako," alisema.

"Ya mtoto wangu."

"Aliyeichonga ni nani?"

"Baba yako, Mungu amweke mahali pema."

"Na siku alipoileta mbele ya watu, akasimama hapo mlangoni akataja jina, alisema anampa nani?"

Jonasi aligeuza kofia mkononi.

"Alisema anampa nani, baba Ada?"

"Ada."

"Haya. Ulimwomba Ada?"

Bibi Wilaga hakumtazama mkwewe. "Mwizi angechukua ya jirani," alisema. "Huyu kaona wizi ni aibu, kaona afadhali auze wa kwake."

Jonasi alikaa chini. Aliwakumbusha, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, kwamba majira ya baridi yaliyopita alicheza ngoma kwenye sherehe ya mjomba wake ya kugawa mali, sherehe ambazo serikali imezipiga marufuku, na kwamba wenzake waliochukuliwa siku ile bado wako gerezani mjini wanapasua kuni za watu. Yeye yuko hapa kwa kuwa Daktari alimwandikia ajenti wa serikali kwamba huyu ni mtu wangu, namhitaji. Angemkatalia vipi?

Lakwel alilijua hilo. Alikuwa ameshukuru kwa ajili ya barua ile, alikuwa amemtandikia Daktari ngozi nzuri ya kukalia, amemchagulia samaki mnono. Kila alichokumbuka kilimrudia kooni kama chakula kilichochacha. Ada alikohoa upande wa pili, kikohozi kirefu, na Lakwel akaenda kumwinua kichwa mpaka kilipoisha.

"Kesho asubuhi tunakwenda," alisema. "Wewe na mimi. Mimi nitasema, wewe utatafsiri. Neno kwa neno."

*

Ghala lilinuka mbao mpya na majani makavu. Masanduku yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, na ndani ya moja lililokuwa wazi nyuso za mbao za kuchezea ngoma zilikuwa zimelazwa chali kwenye majani, midomo wazi, kama watu waliokutwa usingizini. Daktari alikuwa amekunja mikono ya shati na kuvaa glavu za ngozi. Mwenye duka alikuwa akigonga misumari. Daktari alipowaona alifurahi kweli, akavuta kiti akakipangusa kwa ajili ya Lakwel.

Lakwel hakukaa. Aliweka juu ya meza kopo la sukari, kile kitambaa na kile chungu.

"Mwambie nimekuja kuchukua susu ya mwanangu. Haikuuzwa. Aliyeitoa si mwenye mali."

Jonasi alikohoa, akasema Kiingereza. Lakwel aliinua mkono.

"Sikusema samahani. Neno hilo la kwao nalijua, tunalisema kutwa nzima kwenye kiwanda chao tukiosha samaki. Rudia."

Jonasi akarudia.

"Na umwambie aliyeitoa ni nani."

Masikio ya Jonasi yalikuwa mekundu. Alisema, akijigusa kifua. Mwenye duka aliacha kugonga.

Daktari alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Alijibu polepole, akiacha nafasi Jonasi atafsiri. Alisema anamwelewa mama. Alisema susu ile ni nzuri kuliko zote alizowahi kuona, na kule ufani ingeoza, isibaki hata kijiti. Kwake itakaa ndani ya kioo, mahali pakavu, na miaka mia kutoka sasa watu watakuwa wanaitazama na kustaajabia kazi ya mikono ya baba yake.

"Mwambie lazima ioze," alisema Lakwel. Alishangaa sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Hiyo ndiyo kazi yake. Inaoza taratibu, kwenye giza, hakuna anayeitazama, na mtoto anakua. Mkiizuia isioze, mtoto atakwenda wapi? Mwambie hivyo. Mtoto wangu ataendaje mbele ikiwa mahali alipolala hapatoweki?"

Jonasi alitafsiri, na safari hii hakupunguza kitu. Lakwel alijua kwa jinsi alivyokwama katikati na kuanza tena.

Uso wa Daktari uling'aa. Alivua glavu moja, akachomoa penseli sikioni, akaandika. Akamwomba Jonasi arudie kile kipande cha mwisho, cha mahali mtoto alikolala. Akaandika tena. Halafu akauliza, macho yamechangamka kama ya mtu aliyeokota kitu njiani: je, wanawake wote wanasema hivyo, au ni nyumba yao tu?

Lakwel alimtazama mumewe. Jonasi alikuwa anamtazama Daktari, kwa namna ambayo hakuwa amemtazama majira yale yote, kama mtu anayegundua kwamba harufu aliyokuwa akiisikia siku zote chumbani inatoka kwa mgeni wake. Au kwake mwenyewe.

"Hakujibu swali langu," alisema Lakwel. "Mwambie afungue sanduku lenye susu."

Daktari akafungua, na tena kwa fahari, maana alidhani Lakwel akiona ilivyotunzwa moyo wake utatulia. Aliondoa majani. Susu ilikuwa pale, ubavu wenye ndege aliyechongwa na baba yake Lakwel ukiwa juu, na matandiko ya Ada yamekunjwa ndani yake yakiwa na madoa yake ya zamani ya rangi ya chai. Juu ya kila kitu palikuwa pamenyunyizwa unga mweupe. Lakwel alidhani ni unga wa ngano. Alipeleka mkono.

Daktari alimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu, akapiga kelele neno.

"Usiguse," alisema Jonasi. "Anasema ni sumu." Akamuuliza Daktari kitu, akajibiwa. "Wanaweka ili wadudu wasile. Ni ile... ni ile wanayouza hapa ya panya."

Lakwel aliona mahali mgongo wa Ada ulipokuwa umelala, bonde dogo kwenye magome ambalo bado lilikuwa halijasawazika, na ndani ya bonde lile unga umejaa hadi ukingoni. Akamwona kwa mawazo mtu aliyesimama pale na kopo, akinyunyiza kwa uangalifu bila kuacha mahali. Mate yalimjaa mdomoni. Aligeuka akatapika kwenye majani makavu, karibu na viatu vya Daktari, na hakuomba msamaha.

Alipoinua kichwa, Jonasi alikuwa amekwisha kuinama sandukuni. Aliitoa susu kwa mikono mitupu, akaikumbatia mbali na uso. Daktari alianza kusema, kwanza kwa mshangao, kisha kwa haraka: kwamba akitoka nayo mlangoni kazi yao imekwisha, na kwamba ajenti wa serikali akiuliza tena habari zake, yeye hatakuwa na la kumwandikia. Jonasi alielewa kila neno. Alisimama mlangoni akamjibu, na akamjibu kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama alivyokuwa akimfundisha.

"Mimi nilikosea. Wewe uliniona nakosea, ukanyamaza kwa kuwa ilikufaa."

Daktari aligeuka kwa Lakwel, kisha kwa mwenye duka, penseli bado iko mkononi. "Amesema nini?" aliuliza. "Amesema nini?"

Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

*

Bibi Wilaga alikaa muda mrefu akitazama susu ile iliyowekwa juu ya mawe ufukweni. Alijua la kufanya susu ikivunjika, alijua la kufanya mtoto akifa kabla haijaoza. La sumu hakulijua, na hakuna aliyewahi kumfundisha. Mwishowe aliamua mwenyewe. Mbao zisuguliwe kwa mchanga na maji ya bahari, maji yakijaa na yakipwa, mpaka yeye atakaposema basi. Matandiko yasichomwe, yafukiwe juu, mbali na ufuko, chini ya mawe, mbali na kijito.

"Na ufani tutaweka nini?" aliuliza Lakwel. "Mbao peke yake?"

Lakwel aliingia ndani, akachukua magome mapya ya mwerezi, akakaa akaanza kuyaponda. Aliponda mchana kutwa, mpaka vumbi jekundu likamtanda kwenye nyusi. Mama alimtazama akasema jambo hilo, la kumlaza tena mtoto aliyekwisha kutembea, halijapata kufanywa. Lakwel alisema hata la kunyunyiza sumu ya panya halikuwa limepata kufanywa, na limefanywa. Baadaye kidogo mama alivuta kipande cha gome, akaanza kuponda naye.

Walimtandikia Ada kwenye boksi la mbao la kuwekea samaki, kwa kuwa susu ilikuwa bado baharini. Mtoto alitazama matandiko, akamtazama mama yake kwa mashaka.

"Mimi mkubwa," alisema kwa sauti iliyokwaruzwa na kikohozi.

"Najua. Lala kidogo tu."

Alilala. Miguu ilining'inia nje ya boksi kuanzia magotini, na jambo hilo lilimchekesha, akaipigapiga hewani, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikapita. Bibi yake alimpa maji anywe, na baada ya hayo maji mengine.

"Sasa kojoa," alisema Lakwel.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

"Utanichapa."

"Sikuchapi. Leo ruhusa."

Ada aliwatazama wanawake wawili waliopiga magoti mmoja huku mmoja kule, wakimsubiri kama watu wanaosubiri meli, akafunika uso kwa mikono. Hakuweza. Alisema mkojo umekataa. Alisema hawezi watu wakimtazama. Basi wakageuka wakatazama ukuta, mama mtu mzima na bibi kizee, na Lakwel alisikia bega la mama yake linatetemeka, akajua anacheka, naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. Nyuma yao wakasikia mlio mwembamba, halafu Ada akisema kwa aibu na kwa fahari kwamba tayari.

Lakwel aliingiza mkono chini yake. Magome yalikuwa yamelowa, ya moto. Aliuacha mkono pale.

"Baba yuko wapi?" aliuliza Ada. "Nimwonyeshe."

"Yuko baharini ananawa mikono."

"Bado?"

Kupitia mlangoni Jonasi alionekana amechuchumaa ndani ya maji hadi mapajani, anasugua mikono kwa mchanga, susu iko kando yake. Hakuwa ameinua kichwa kutazama nyumba, na hakuna aliyekuwa amemwita.

"Bado," alisema Lakwel.